Jiko Lisilojua Yai

Katika Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, hakukuwa na mtu aliyejua kudharau kama Severa, mke wa Melkiori muuza vipuri vya baiskeli, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Steven. Wengine hudharau kwa kubwata. Yeye alibana mdomo upande mmoja, akakutazama kuanzia viatuni, na alipofika usoni alikuwa ameshachoka na wewe. Alidharau mitumba na wote walioinama kuichambua. Alidharau vijana waliokwenda Dubai mara moja wakarudi na sabuni za maji na kujiona wamezunguka dunia. Alilidharau hata neno ruksa, ambalo miaka ile lilikuwa midomoni mwa kila mtu, ruksa kuagiza, ruksa kuuza, kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wamefungwa kamba miguuni.

Lakini alichokidharau kuliko vyote kilikuwa biskuti za boksi, na hapo alikuwa na sababu.

Miaka ya uhaba, unga wa ngano ulipokuwa ukipatikana kwa kujuana na sukari kwa foleni ya tangu alfajiri, Severa alioka. Jiko lake lilikuwa pipa lililokatwa, mkaa chini, mkaa juu, sinia katikati, uani kwenye nyumba ya vyumba sita. Hakuna Mchaga wa mjini aliyefanya kipaimara cha mtoto wake bila hafkeki za Mama Steven. Wake za wakubwa walikuja wenyewe na vikapu, wakasubiri wamekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kisha ruksa ikaingia, maduka yakajaa maboksi yenye picha za theluji, na wake wale wale wakawa wanapita mbele ya mlango wake na maboksi kwapani, wakimwamkia haraka haraka. Severa aliwatazama viatu tu. Hakuona haja ya kupanda zaidi.

Hayo angeyameza. Ambayo hakuweza kuyameza ni ya Krismasi ya mwaka uliotangulia, huko Kibosho.

Kila Desemba, kama Wachaga wote wa Kariakoo, Melkiori alifunga duka na familia ikapanda mlima kwenda kwa mama yake. Desturi ya nyumba ile ilikuwa moja na haikuvunjwa. Baada ya misa ya Krismasi wanawake waliweka mezani, nje karibu na migomba, kile ambacho kila mmoja amekuja nacho kutoka mjini. Mama mkwe ndiye aliyeonja kwanza. Hakuwa msemaji; neno moja lake lilitosha kumbeba mtu mwaka mzima au kumzika. Kwa miaka kumi na miwili neno hilo lilikuwa la hafkeki za Severa.

Mwaka ule Euphrasia, dada yake Melkiori, alikuja na kopo jekundu. Mume wa Euphrasia alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, na wifi huyu alikuwa hajawahi kukanda hata chapati isiyoungua. Ndani ya kopo mlikuwa na vidude vidogo vya chokoleti vyenye minti, kila kimoja kimefungwa karatasi yake. Mama mkwe aliweka kimoja mdomoni. Akafumba macho.

"Kinapoa," alisema. "Kinapoa chenyewe mdomoni. Nipe kingine."

Hafkeki za Severa zililiwa na watoto, na zilizobaki walitupiwa kuku. Euphrasia alimgeukia akasema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyouma, "Wifi, siku hizi watu wanataka vitu vya kisasa. Pumzika na wewe."

Severa alirudi Dar akilitafuna neno hilo njia nzima. Mwezi wa Novemba ulipofika alikuwa ameshaamua. Angepeleka Kibosho vitonge vya chokoleti na minti, vidogo vya kutupia mdomoni, alivyooka kwa mkono wake mwenyewe, na mama mkwe angefumba macho kwa ajili yake mbele ya Euphrasia. Asipofanya hivyo, basi maisha yake yote ya kusimama mbele ya moto yalikuwa ya kuhesabiwa pamoja na chakula cha kuku. Aliliona jambo hilo waziwazi hivyo.

Binti yake Caroline, mpiga chapa katika ofisi moja mjini, alimletea ukurasa uliochanwa kwenye jarida la kigeni na kumfasiria. Kichwa cha habari kilisema vitonge hivyo ni rahisi, kazi ya nusu saa.

"Rahisi kwa nani?" Severa aliuliza.

"Sikiliza tu maelekezo, mama. Unachanganya, unaoka, unamwagia chokoleti juu, unaweka kwenye friji."

"Friji ya nani? Na umeme wa nani?"

Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Severa alimdharau mwandishi wa jarida lile, mtu ambaye hajawahi kuona chokoleti ikigeuka mchuzi mezani saa nne asubuhi ya Desemba. Hata hivyo alinunua kakao, na chokoleti ya kuyeyusha akainunua kwa wale wale waliojaza mtaa maboksi, akiwa amevuta kanga mpaka kwenye paji la uso. Kwa minti alisaga pipi za kifua. Vitonge vya kwanza vilinukia kama mgonjwa aliyepakwa dawa mgongoni, na Melkiori, mtu mpole ambaye hakuwahi kulalamikia chakula, alitafuna kimoja, akaomba maji, akasema kifua chake hakina tatizo lolote. Vya pili vilibabuka. Moto wa pipa ni moto wa hafkeki, una hasira, na kakao haitaki hasira.

Ndipo alipomkumbuka Rekha.

Rekha, au Mama Vivek, aliishi ghorofa ya pili ya jengo la pembeni, jengo ambalo baba mkwe wake alilijenga, serikali ikalichukua, na yeye akabaki humo kama mpangaji. Mumewe Ghanshyam alikuwa ameshafariki. Alizaliwa Kariakoo, Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo, na alimzidi Severa kama miaka kumi na mitano. Alikuwa na jiko la gesi lenye oveni, jeupe, alilonunuliwa na Ghanshyam walipooana, na barazani alipanda nanaa kwenye makopo ya rangi. Walikuwa wamefahamiana miaka mingi. Severa alikunywa chai yake mara nyingi, chai ya tangawizi, na huwezi kusema hawakuwa marafiki.

Ila palikuwa na kitu. Kila Krismasi, kabla ya safari, Severa alimpandishia Rekha sahani ya hafkeki imefunikwa kitambaa. Rekha aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru sana. Na mwaka mmoja Severa aliporudi kuchukua sahani yake alimkuta Bakili, mlinzi wa jengo, amekaa chini ya ngazi anakula hafkeki zile zile, zote, hata moja haijaguswa kule ghorofani. Bakili alimkaribisha ale naye. Tangu siku hiyo Severa alijua, au alidhani anajua. Mhindi huyu ananiona mchafu. Chai ninywe kwake, lakini mkono wangu usifike mdomoni mwake. Hakumwuliza. Aliendelea kupeleka sahani kila mwaka, kwa ukaidi, na kila mwaka Bakili akashiba.

Sasa akapanda ngazi na ukurasa wa jarida.

"Shikamoo, Mama Vivek."

"Marahaba, Mama Steven. Umepotea. Karibu."

Rekha alisikiliza habari yote, ya kopo jekundu na ya kuku, na hakucheka. Akasema jiko lipo, gesi ipo, nanaa ipo, na minti siyo pipi za kifua. Majani yanachemshwa polepole kwenye siagi, yanachujwa, siagi inabaki na harufu yake. Kisha akanyoosha kidole kwenye kizingiti cha jikoni.

"Viatu unaacha hapa. Nyama sikuambii, najua huwezi kuniletea. Ila yai, Mama Steven. Yai halivuki hapo. Tangu naolewa halijaingia humu."

"Keki bila yai?"

"Maziwa mgando, magadi soda, ndimu kidogo. Nitakuonyesha. Biskuti zangu za nankatai zote ndivyo zilivyo."

Severa aliitikia kwa kichwa, na moyoni akabana mdomo. Nankatai za Rekha alizijua. Mchanga uliotiwa sukari. Na keki isiyo na yai kwake ilikuwa ni tofali, na watu waliokula tofali vizazi na vizazi wasingemfundisha yeye kuoka. Ndiyo dharau aliyoshuka nayo ngazi, na katikati ya ngazi, pale Bakili alipokuwa akikaa, ikamjia hila. Kama mkono wangu ni mchafu, alijiambia, basi acha uwe mchafu kweli.

Siku ya kuoka, siku mbili kabla ya safari, alipiga mayai manane na sukari uani kwake mpaka yakawa meupe na mazito. Maganda akayafukia kwenye majivu ya pipa. Mchanganyiko akautia kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, akaupandisha pamoja na kibakuli cha maziwa mgando ambacho hakukusudia kukitumia.

Rekha alikuwa ameshaosha oveni. Alikuwa ameosha pia meza, na kumtandikia kitambaa kipya cha kufutia mikono.

"Hiki nini?" aliuliza kuhusu kopo.

"Sukari na siagi. Nimepiga nyumbani, nisikuchafulie."

"Yai hakuna?"

"Hakuna."

Rekha hakufunua kopo. Alilisogeza tu karibu na Severa ili alifikie vizuri.

Walioka kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Nikisema walioka nasema kweli, maana Rekha ndiye aliyesimama mlangoni mwa oveni, akijua kwa pua tu wakati wa kupunguza moto, na ndiye aliyechuja nanaa mara mbili. Severa alikata vitonge kwa kizibo cha chupa ya dawa, vyote saizi moja. Waliyeyusha chokoleti juu ya maji ya moto na kuvimwagia, na kwa vile umeme haukuwepo walipanga sinia kwenye beseni la maji ya mtungi, Rekha akipepea kwa kipepeo cha ukili mpaka chokoleti ikashika. Kitonge cha kwanza Severa alikionja yeye. Kilikuwa laini ndani, na kikapoa mdomoni chenyewe, kama alivyosema mama mkwe, lakini kwa upole zaidi, maana hii ilikuwa nanaa ya kweli. Alijua hapo hapo kwamba Euphrasia amekwisha. Furaha ilimpanda mpaka akataka kucheka peke yake.

Rekha alikaa kwenye kigoda akijifuta shingo.

"Sijakwambia," alisema. "Mwanangu Vivek amenitumia tiketi. Naenda Leicester, Uingereza, Januari. Sidhani nitarudi."

Severa aliuliza nyumba atamwachia nani, na Rekha akasema mkewe Vivek, Megha, atabaki kidogo kufunga mambo.

"Nitakwambia kitu, usikasirike," Rekha aliendelea. "Hafkeki zako zote nilimpa Bakili. Nilikuwa naona aibu. Mimi sili kilichopikwa nje ya jiko langu. Hata kwa dada yangu Upanga sili, ananinunia mpaka leo. Sijui sufuria imegusa nini, unaona. Lakini harufu yake kila mwaka ilikuwa inanitesa." Alicheka kidogo. "Miaka yote hiyo nikawa najiambia, siku moja Mama Steven aje apikie humu humu, nile cha mkono wake kabla sijafa. Kumbe Mungu kanisikia."

Akanyoosha mkono, akachukua kitonge cha pembeni ya sinia. Chokoleti ilikuwa bado laini, na kidole chake kikaacha alama.

Sijui kama mmewahi kumwona mtu anayejua kudharau akigeukiwa na dharau yake mwenyewe. Si jambo la kupendeza. Severa alimwona mwanamke mzee wa miaka sitini na zaidi, ambaye hajawahi kuonja yai tangu azaliwe, anapeleka yai mdomoni huku anatabasamu, na aliyelitia ni yeye, na alilitia kwa sababu ya kosa ambalo halikuwepo. Kitu alichokitamani miaka yote, kwamba mdomo huu ukubali mkono wake, kilikuwa kimebakiza upana wa kiganja. Ilimpasa aseme neno moja, yai. Neno hilo lilikuwa rahisi kuliko vitonge vya jarida. Akalitafuta, na uoga ukalikalia.

"Usile," alisema.

Mkono wa Rekha ulisimama na kitonge hewani.

"Hivyo vina wenyewe, Mama Vivek. Ni vya safari. Nimevipanga kwa idadi ya watu."

Alisema hivyo. Sinia mbili zilikuwa mezani, vitonge zaidi ya mia, na alimnyima mwenye jiko kimoja.

Rekha alimtazama kidogo. Kisha akakirudisha kitonge mahali pake, kwa uangalifu, akakisogeza kikae sawa na wenzake, na akafuta kidole chake kwenye upande wa sari.

"Basi," alisema. "Vya safari ni vya safari. Chukua kitambaa hicho ufunikie, nje kuna vumbi."

Severa alishuka na sinia moja kichwani na nyingine mkononi. Chini ya ngazi Bakili alimwuliza mwaka huu mbona sahani yake haijapanda. "Wewe umeshakula vya kutosha," alimjibu, na sauti yake ikamtoka vibaya, Bakili akadhani amemkosea kitu.

Kibosho mambo yalikwenda kama alivyotaka, na ndiyo sababu sitayakalia. Baridi ya mlimani ilivishika vitonge vikawa vigumu na vinang'aa. Mama mkwe alifumba macho. Akasema, "Hiki kimeshinda cha mwaka jana," mbele ya wote, na Melkiori akapiga makofi kama mjinga. Euphrasia, aliyekuja na kopo jingine, la bluu safari hii, alisogea mezani akachagua kitonge, na kati ya vyote akachukua chenye alama ya kidole. Akakitafuna. "Wifi, huwezi kujua kama si vya dukani," alisema, na kwa Euphrasia hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote duniani. Severa aliusubiri ushindi umfike. Aliwatazama wote wanavyotafuna, na hakumdharau Euphrasia hata kidogo. Hakuwa na nafasi. Dharau yote ilikuwa na pa kukaa.

Waliporudi Dar alijiambia atapanda ngazi aseme. Siku ya kwanza alikuwa na nguo za kufua. Siku ya pili Melkiori aliumwa jino. Wiki ikapita kwa visingizio vya namna hiyo, mpaka asubuhi moja mkokoteni ukasimama mlangoni kwake, na juu yake, limefungwa kamba na magunia, lile jiko jeupe. Pembeni yalipangwa makopo matatu ya nanaa. Megha alikuja nyuma ya mkokoteni kwa miguu.

"Mama ameondoka jana," Megha alisema. "Alitaka kukuaga, akaja mara mbili, hukuwepo."

Alikuwepo. Mara zote mbili alikuwa ndani, amekaa kitandani, na alimwambia Caroline aseme hayupo.

"Kasema jiko upewe wewe. Watu wengi walilitaka, hata dada yake wa Upanga. Kasema mwingine atakayelichukua atapikia yai siku ile ile. Kasema Mama Steven ndiye peke yake aliyeingia humo akaheshimu."

Severa aliwasaidia wapagazi kuliingiza. Lilipokaa ukutani alifungua mlango wa oveni. Rekha alikuwa amelisugua ndani mpaka linang'aa, na kwenye waya wa kati ameweka kile kitambaa cha kufutia mikono, kimefuliwa na kupigwa pasi.

Keki ya kwanza aliyooka humo bila yai ilikuwa tofali kweli. Ya pili ilikaa kama chapati. Hakuwa na wa kumwuliza, maana siku aliyopewa nafasi ya kufundishwa alikuwa anamcheka mwalimu moyoni. Ya nane ndiyo iliyoinuka: maziwa mgando, magadi soda, ndimu kidogo, moto mdogo. Ilichukua mpaka Pasaka.

Siku hizi vitonge vya minti vya Mama Steven vinajulikana mpaka Buguruni, na kila Desemba Wachaga wanavibeba mlimani kwa makasha. Wateja wanasema havina yai kwa sababu ya ubahili wake. Mara kwa mara anatokea mmoja, mwanamke aliyevaa vizuri, anaweka trei ya mayai kwenye meza ya nje na kumwomba amwokee keki ya kweli. Severa anamtazama kuanzia viatuni. Anamwambia yai ni la watu wasiojua kuoka, aliondoe mlangoni kwake, na asivuke nalo kizingiti. Anasema kwa ukali kiasi kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza sababu, na mteja anapoondoka yeye anachukua kile kitambaa na kulifuta jiko, hata pale ambapo halina doa.